Gia Imefungwa

Vitu vilivyotoka mifukoni mwa fundi vilikuwa vimepangwa juu ya meza, na koplo alikuwa bado hajamaliza kuvicheka. Palikuwa na spana moja, kitambaa kilichowahi kuwa cheupe, simu yenye kioo kilichopasuka, kipakiti kidogo cha nailoni ambacho hakijafunguliwa, chenye kidude cheusi cha plastiki ndani yake, na kichupa cha rangi ya kucha. Rangi yenyewe ilikuwa nyekundu, ile ya kuendea harusini, na ilibaki nusu.

"Labda jioni akishanawa huwa anajipodoa," alisema koplo.

Inspekta alikitikisa kichupa, akakipeleka dirishani penye mwanga. Shingoni mwake palikuwa na alama za vidole vya grisi, nyingine za zamani, nyingine za juzijuzi. Aliyekitumia alikitumia akiwa kazini, mikono ikiwa michafu.

Pale kituoni hakuna aliyemwita Inspekta huyu kwa jina lake. Walimwita Dodosa, mwanzoni kwa kumsengenya, baadaye mbele yake, kwa sababu alikuwa na kipaji cha kumuuliza mtu habari za watoto wake mpaka mtu huyo akajikuta anaeleza alikoificha televisheni ya jirani. Jina halikumuudhi. Kilichomuudhi ni jambo lisiloeleweka kuachwa lipite, na hili la rangi ya kucha mfukoni mwa fundi wa magari lilikuwa limemganda kichwani kama mbegu ya pera kwenye jino.

Kesi yenyewe, ukimsikiliza koplo, ilikuwa imeshaiva. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama wa watu, alikuwa na kigari chake cha otomatiki. Kikaanza kushtuka kila akiweka gia, halafu kikawa kinanguruma mlimani bila kupanda. Akakipeleka kwa fundi anayeitwa Fundi Kimya, na Kimya akamwambia giaboksi imekwisha. Mwalimu akajikusanya, akalipia giaboksi ya mtumba, akafungiwa, gari likatembea vizuri muda wa kutosha yeye kusahau machungu. Kisha asubuhi moja gari likagoma kwenye maegesho ya nyumbani. Gereji nyingine, ya mtu anayejiita Bingwa, ikalivuta, ikalifungua, ikamwonyesha mwalimu giaboksi mbovu, nyeusi, inayonuka kuungua. Kwa maneno ya Bingwa, mwalimu hakufungiwa kitu chochote kipya. Alirudishiwa uchafu wake uleule uliosafishwa juujuu.

Fundi Kimya alikamatwa langoni kwa mwalimu. Mkuu wa kituo alitaka jalada lisainiwe kabla ofisi hazijafungwa, ili asubuhi fundi afikishwe mahakamani kwa wizi na udanganyifu. Kwa wizi wa namna hiyo mtu hufungwa, na fundi akifungwa gereji yake ya mabati inakuwa mali ya mwenye kiwanja.

"Kosa lake ni kurudi pale," alisema koplo. "Alikwenda kumlainisha mama wa watu."

"Mwizi anayejua ameshagundulika anakwenda langoni kwa aliyemwibia, na spana mfukoni?"

Koplo alikuna kidevu. Alikuwa kijana mzuri, ila aliipenda kesi ikiwa imeshapikwa.

Dodosa alishuka mahabusu. Fundi alikuwa amekaa sakafuni, mwembamba, magoti yamemfikia kidevuni. Jina la Kimya halikuwa la utani. Maelezo yake ya jana yalijaza mistari miwili tu, na mmoja wao ulikuwa jina lake.

"Giaboksi uliifunga wewe?"

"Niliifunga."

"Ilikuwa nzima?"

"Nzima."

"Sasa hii iliyooza imetoka wapi?"

"Sijaliona gari. Nikiliona nitasema."

"Na rangi ya kucha?"

Kwa mara ya kwanza fundi aliinua macho. Akaona aibu waziwazi, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. "Ya mke wangu," alisema, na mlango ukafungwa tena.

Mke wa fundi alikuwa kwenye benchi la nje tangu asubuhi, chupa ya chai miguuni, mkoba kifuani. Dodosa aliketi kando yake, akaanza na watoto, kama kawaida yake. Mkubwa anasumbuliwa na meno. Mdogo anamlilia baba, kaambiwa baba kasafiri kununua vipuri, jambo ambalo juzi lilikuwa kweli na leo ni uongo. Wakati akisema hayo Dodosa alizitazama kucha zake. Hazikuwa na hata tone la rangi.

"Dada, wewe hupaki rangi?"

Mke wa fundi alicheka, cheko la kuchoka. "Nipake nini, afande? Nikinunua leo, kesho iko gereji. Nimeficha kwenye unga, kaipata. Nimemwambia, mume wangu, wanaume wenzako wanaiba hela za mboga, wewe unaiba rangi."

"Anaifanyia nini?"

"Anachorea bolti. Kila anayoikaza anaipiga mstari, unaanzia huku unapita juu ya bolti unaishia kule. Anasema siku bolti ikijilegeza, mstari utakatika na yeye ataona kwa macho bila kugusa. Rangi ya kawaida anasema inabanduka kwa joto. Ya kwangu haibanduki." Aliukumbatia mkoba wake. "Afande, watamfunga kweli?"

Dodosa alisema hajui bado. Alichukia kusema hivyo, lakini ndiyo ilikuwa kweli. Akaondoka pale na mbegu ya pera imetoka kwenye jino, na hamu kubwa ya kulala chini ya gari la mwalimu.

Kwanza, hata hivyo, alikuja mwalimu mwenyewe, kusaini maelezo yake. Alikuwa mwalimu wa lugha, mtu wa kunyoosha maneno ya wenzake katikati ya sentensi, na hasira yake ilikuwa imepigwa pasi. Alieleza kwamba giaboksi ile ilimgharimu karibu nusu ya thamani ya gari lenyewe. Aliambiwa kuna njia tatu. Ya kwanza ni kuifungua iliyopo na kuitengeneza, lakini wanaozijua kwa ndani ni wachache na nyingi hazirudi kama zilivyokuwa. Ya pili ni kununua mpya, na hapo ni afadhali ununue gari. Ya tatu ni mtumba, inayotolewa kwenye gari lililogongwa huko lilikotoka, na hapo unamwomba Mungu. Yeye alimwomba Mungu, akamwamini fundi.

Dodosa alisikiliza kwa makini kuliko kawaida, maana yeye pia alikuwa na kigari cha aina ileile pale uwanjani, na wiki ile kilikuwa kimeanza kumshtuashtua akiweka kinyumenyume. Alikuwa amefunga redio ili akisikie vizuri, na hofu yake ikazidi.

"Asubuhi ile lilifanyaje hasa?" aliuliza.

"Liliwaka vizuri. Mkono wa gia ukakataa kutoka kwenye P, ile ya kuegesha. Nimekanyaga breki, nimevuta, wapi."

"Na jioni ya kuamkia siku hiyo?"

"Halikuwa na tatizo. Nilipanda nalo kilima chote cha hospitali. Tatizo lilikuwa watu. Kuna bwana nyuma yangu alipiga honi mpaka basi, akapita akinifokea kwamba nasimama bila taarifa. Nilikuwa nimekanyaga breki taratibu, kistaarabu kabisa."

Dodosa aliandika hilo, hajui bado la nini. Kisha akaomba kuona ujumbe ambao mwalimu aliutaja mara tatu kama ushahidi wa ujeuri wa fundi. Mwalimu aliufungua simuni. Yeye alikuwa ameandika, kwa nukta na koma zake zote: *Gari linawaka, lakini mkono wa gia hautoki kwenye P. Ina maana gia imekufa tena. Je, ulinifungia kweli giaboksi nyingine?* Na fundi, aliyekuwa safarini kutafuta vipuri, alijibu kwa maneno manne.

*Gia imefungwa. Usilazimishe. Nakuja.*

"Umeona?" alisema mwalimu. "Namuuliza kama alifunga, ananiambia imefungwa, nisimlazimishe. Yaani nisimbane. Halafu ananitupia hilo la nakuja."

"Fundi akisema nakuja," alichangia koplo, "ujue ndiyo kwanza anatafuta sabuni aoge." Hata mwalimu alicheka, maana hakuna mtu mwenye gari au paa linalovuja asiyelijua neno lile. Mafundi wote wanakuja. Wanakuja tangu juzi. Mwalimu hakumsubiri, alimfungia fundi simu yake isipite, akamwita Bingwa aje na gari la kuvuta.

Mwalimu alipoondoka, Dodosa aliisoma upya ile picha ya ujumbe aliyoinakili. Kufunga, kufungwa. Fundi anafunga giaboksi, mwalimu anamfungia fundi simu, mkuu wa kituo anataka fundi afungwe. Neno moja linazunguka kituo kizima na kila mtu ana lake. Akakichukua kile kipakiti cha nailoni ambacho hakuna aliyekijali kwa sababu kila mtu alikuwa anacheka rangi ya kucha. Kidude cha ndani kilikuwa na ncha ya kubonyea upande mmoja na tundu la waya upande wa pili, na karatasi iliyobandikwa juu ilitaja aina ya gari. Ilikuwa aina ya gari la mwalimu. Kwa hiyo ilikuwa pia aina ya gari lake.

Alitoka uwanjani, akafungua mlango wa dereva wa kigari chake, akapiga magoti kwenye kokoto, kichwa chini ya usukani. Askari wawili waliokuwa wakipita waliona miguu ya Inspekta imetokeza mlangoni, wakaamua kutouliza. Alitafuta kwa tochi kitu kinachofanana na kile kidude, akakipata juu kabisa ya pedali ya breki, kimeshikiliwa na nati moja. Pedali ikiwa juu, inakibonya. Ukikanyaga, kinaachiwa.

Alichomoa waya wake. Akaketi, akawasha gari, akakanyaga breki, akavuta mkono wa gia. Ulikuwa umekaza kwenye P kama umechomelewa.

Akaita koplo asimame nyuma ya gari. "Nimekanyaga. Taa za breki zinawaka?"

"Haziwaki, afande."

Akarudisha waya. "Sasa?"

"Zimewaka zote."

Na mkono wa gia ukatoka P, ukateremka R, N, D, laini kabisa. Dodosa alibaki ameketi, amefurahi jinsi mtu anavyofurahi akipata miwani aliyokuwa ameivaa. Gari haliruhusu gia itoke mpaka lijue breki imekanyagwa, na aliyepewa kazi ya kulijulisha ni swichi ile ndogo, ambayo pia ndiyo inayowasha taa za nyuma. Swichi ikifa, taa zinazima na gia inajifunga. Yule bwana wa honi hakuwa mkorofi. Mwalimu alikuwa anasimama bila taarifa kweli, ila hakujua.

"Gia imefungwa, usilazimishe," alisema Dodosa. "Alikuwa hamjibu kuhusu giaboksi. Alikuwa anamwambia mkono umejifunga, asiuvute kwa nguvu akauvunja."

Koplo alifikiri. "Lakini giaboksi ya mwalimu imeoza, afande. Nimeiona mimi kwa macho yangu. Nimeinusa."

Hilo lilikuwa swali zuri, na Dodosa alimwambia hivyo. Gari lilikuwa na ugonjwa mdogo nyumbani, halafu likawa na ugonjwa mkubwa gereji. Akaifungua nati, akaitoa swichi ya gari lake, akaitia mfukoni. Kile kipakiti alikirudisha mezani kama kilivyokuwa, kwa sababu kilikuwa kidhibiti. Kigari chake kikabaki uwanjani kimejifunga, nao wakaenda kwa Bingwa kwa gari la kituo.

Gereji ya Bingwa ilikuwa safi, sakafu ya saruji iliyopigwa rangi, zana zimetundikwa ukutani kila moja na kivuli chake kilichochorwa. Bingwa mwenyewe alikuwa mtu wa tabasamu, ovaroli imenyooka, na alimwita Dodosa dada kabla hajamwita afande. Gari la mwalimu lilikuwa ndani, limeinuliwa mbele kwa stendi. Alilionyesha bila hiyana. Alieleza tena alivyoikuta giaboksi, akatikisa kichwa kuwahurumia wanawake wanaodanganywa mjini.

Dodosa alimuuliza kwanza gari liligundulika lina nini alipolipokea. Bingwa akasema giaboksi imekufa, ndiyo maana hata mkono hautoki P, jaribu mwenyewe. Dodosa alijaribu. Haukutoka.

"Ikifa ndani, mkono nao hukaza?"

"Hukaza, dada. Mambo yanashikana."

Alimwomba dakika moja, akainama chini ya usukani na swichi yake mkononi, akachomoa swichi ya mwalimu akaweka ya kwake. Alipokanyaga breki, ukuta mweupe wa nyuma ukawa mwekundu. Mkono ukatoka P bila neno.

Bingwa aliutazama ukuta, akacheka, na cheko lake halikuwa na kasoro. "Vizuri. Swichi nayo ilikuwa mbovu, nilikuwa sijafika huko. Lakini washa, uweke D."

Dodosa aliwasha, akaweka D, akakanyaga mafuta. Injini ilinguruma, na magurudumu ya mbele, yaliyoning'inia hewani, hayakugeuka hata kidogo. Harufu ya kitu kilichoungua ikapanda. Giaboksi ile ilikuwa maiti, hakuna ubishi, na koplo alimtazama mkubwa wake kwa macho ya pole. Kwa kitambo Dodosa mwenyewe aliona mambo yote yamerudi mwanzo.

Alizima gari, akaomba gunia la kulalia. Akajisukuma chini mpaka akafika pale giaboksi inapokutana na injini, akamulika mshono wa vyuma hivyo viwili.

Mistari ilikuwapo. Upande wa injini, kila palipo na bolti, palikuwa na kipande cha mstari mwekundu kinachofika ukingoni na kukatika ghafla. Juu ya vichwa vya bolti palikuwa pia na mistari, lakini kila mmoja umeangalia kwake, mmoja juu, mwingine pembeni, kama watu waliogombana. Upande wa giaboksi hapakuwa na rangi kabisa. Palikuwa na masizi na grisi ya miaka.

Kwa hiyo Kimya alipomaliza kazi, mistari ilipita mizima kutoka injini hadi giaboksi. Baada ya hapo kuna mtu amezifungua bolti zote. Nusu ya kila mstari ilibaki kwenye injini. Nusu ya pili iliondoka na giaboksi.

Alijitoa chini, akajipangusa. "Bingwa, ulipoifungua na kumwonyesha mwalimu, uliirudishia ileile?"

"Ileile. Siwezi kugusa ushahidi."

"Na hilo la pembeni?"

Pembeni palikuwa na kigari kingine cha aina hiyohiyo, kimeoshwa, kimewekewa karatasi miguuni pa dereva. Bingwa alisema ni la mteja anayekuja kulichukua jioni ile. Alikuwa na shida ya giaboksi naye, akafungiwa ya mtumba, nzuri, iliyoshushwa karibuni. Alisema hayo kwa haraka kidogo kuliko maneno yake mengine.

Dodosa alilivuta gunia lake hadi kule. Safari hii hakukaa sana chini. Alitoa sauti ya kuridhika, akamwita koplo naye ajilaze pale amulike. Kwenye giaboksi, pembezoni mwa kila bolti, palikuwa na vipande vya mstari mwekundu. Kwenye vichwa vya bolti hapakuwa na kitu. Kwenye injini hapakuwa na kitu.

"Hizo ni alama za wauza mtumba," alisema Bingwa kutoka juu. Viatu vyake vilikuwa vimesogea karibu. "Kila muuzaji anaweka rangi yake, ukirudisha ajue ni mzigo wake. Ulizeni popote."

"Ni kweli, wanaweka," alisema Dodosa, na ilikuwa kweli, alikuwa ameziona alama kama hizo sokoni. Akajitoa, akamwomba koplo jalada la kesi. Jalada lilikuwa na kifuniko cha nailoni angavu. Akakichana kile kifuniko taratibu, koplo akashtuka kuona mali ya serikali inachanwa, akarudi nacho chini ya gari la mwalimu. Alikibandika kwenye ukingo wa injini, akachora kwa kalamu matundu ya bolti na kila kipande cha mstari mahali kilipo. Mistari ilikuwa ya mkono, imechorwa na mtu aliyelala chali, kwa hiyo hakuna uliofanana na mwenzake. Kwenye bolti ya chini kabisa rangi ilikuwa imezidi, ikatiririka. Tone lilianzia kwenye injini, likakatika mshononi likiwa bado nene.

Alikwenda na nailoni yake kwenye gari la pili, akailaza kwenye mshono, akayapatanisha matundu. Mstari wa kwanza ulikutana na wa kwanza. Wa pili ukakutana na wa pili. Alipofika bolti ya chini aliona, upande wa giaboksi, mkia wa lile tone, umeshuka kama chozi na kukauka.

Koplo, kichwa kikiwa kimegusana na cha Inspekta, alisahau kupumua. "Afande," alinong'ona, "limeendelea."

Dodosa alisimama mbele ya Bingwa, nailoni mkononi. Bingwa alikuwa anapangusa mikono ambayo haikuwa na uchafu.

"Muuza mtumba huwa hachori nusu ya tone lake kwenye injini ya mwalimu," alisema Dodosa. "Bingwa, hii ni rangi ya mke wa mtu."

Bingwa alifungua mdomo kusema kitu kirefu. Alimtazama koplo, akatazama mlango, akatazama zile zana zake zilizopangwa vizuri. Kilichotoka kilikuwa kifupi. Alisema gari lilikuja na giaboksi nzima kabisa na swichi mbovu, na mama mwenye gari akiwa ameshaamini mwenyewe kwamba giaboksi imekufa. "Sikumwambia mimi. Alikuja akisema hivyo." Maiti aliyomfungia mwalimu ilikuwa imetoka kwenye hilo la pembeni. Koplo alimfunga pingu, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na utani.

Kituoni, mkuu alilisoma jalada lisilo na kifuniko, akaguna, akasaini karatasi nyingine badala ya ile aliyoitaka. Fundi Kimya alipandishwa kutoka mahabusu. Mke wake alimshika mkono wa shati akaung'ang'ania, machozi yanashuka wazi, na fundi akasimama wima kama mtu anayeogopa kumwagika.

Mwalimu alikuwa ameitwa. Alisikiliza maelezo yote ya Dodosa, kuanzia honi ya yule bwana hadi tone la chini, na kadiri alivyosikia ndivyo hasira yake ilivyokosa mahali pa kukaa. Hatimaye alitoa simu, akausoma tena ule ujumbe, midomo ikitembea.

"Umefungwa," alisema. "Mkono wa gia *u*mefungwa. Ukiandika *i*mefungwa mimi naelewa giaboksi. Ungeniwekea *u* tu, fundi, irabu moja, ningekuelewa."

Fundi alifikiri kwa dhati, kama mwanafunzi. "Sisi tunaita gia," alisema. "Yote."

Mwalimu alitaka kusahihisha. Dodosa aliliona sahihisho linakuja, likafika mdomoni, likarudi. Mama yule aliinamisha kichwa na kusema kwamba ameona haya, kwamba amemlaza mtu sakafuni kwa ajili ya herufi, na kwamba hajui aanzie wapi kuomba radhi.

Dodosa aliwarudishia vitu. Spana, kitambaa, simu. Kichupa cha rangi alikibakiza kwa ajili ya kesi ya Bingwa, na mke wa fundi akasema, akifuta macho, basi serikali nayo imeanza. Mwisho Inspekta alisukuma mezani, mbele ya mwalimu, kile kipakiti cha nailoni.

Mwalimu alikigeuza. Akasoma karatasi iliyobandikwa juu, aina ya gari lake, akatazama kile kidude ambacho hakijafunguliwa.

"Hii ni nini?"

"Swichi ya breki," alisema Dodosa. "Alikuwa nayo mfukoni alipokamatwa langoni kwako. Aliitafuta hukohuko safarini, baada ya kupata ujumbe wako."

Mwalimu aliinua macho kwa fundi. Fundi alikuwa anakunja kitambaa chake, kimepindika, anakikunja upya. Alionekana kama mtu anayetafuta neno fupi zaidi ya alilonalo, akalikosa.

"Nilisema nakuja," alisema.